Ndoo Tupu Darasani: Ufahamu Usiojibika kwa Kunakili

Maswali mengi ya ufahamu tunayowapa watoto wa darasa la nne na la tano hayapimi ufahamu. "Juma alikwenda wapi?" Mtoto anatafuta jina Juma, ananakili sentensi, anapata vema. Kung'amua jambo ambalo mwandishi hakulitamka ni kazi nyingine kabisa, na sioni mwanzo mzuri kuliko fumbo la upelelezi, mradi litungwe kwa akili.

Usiulize "nani ameiba?" Darasa la watoto 60 litamnyooshea kidole yule yule anayeshukiwa kila siku, na kusoma kutaishia hapo. Uliza "kumetokea nini?" Tuseme uko Moshi. Ndoo ya maji ya darasa la tano ilijazwa Ijumaa. Jumatatu imekutwa tupu. Vidokezo vitano vinatosha:

Daftari la bustani: "Ijumaa. Tumepandikiza miche 20 ya kabichi."

Tangazo getini: "Bomba linatengenezwa. Maji yatarudi Jumatatu."

Daftari la mlinzi: "Jumamosi. Milango yote imefungwa. Jumapili saa 11 jioni. Jua lilikuwa kali. Nimefungua darasa la tano, nimefunga."

Barua ya jirani: "Mwalimu Mkuu, samahani, mbuzi wangu aliingia uani kwenu Jumamosi."

Mchoro: nyayo za viatu vikubwa, kutoka mlangoni hadi bustanini.

Hakuna palipoandikwa kwamba mlinzi alimwagilia kabichi. Mbuzi kawekwa makusudi. Anayemkimbilia arudishwe kwenye daftari la mlinzi, asome milango ilikuwaje siku hiyo. Yupo pia atakayesema ndoo inavuja. Usimkatalie, mwulize nyayo zinatafuta nini bustanini. (Mlinzi mwenyewe aambiwe mapema, maana mapumziko yakifika watamwendea kumhoji.)

Gawa makundi 10 ya watoto sita. Vidokezo vyote vinaenea kwenye karatasi moja, kwa hiyo karatasi 10 tu, zikatwe vipande. Watano washike kidokezo kimoja kimoja na kuwasomea wenzao, wa sita aandike. Ukimwachia mmoja vyote, atasoma yeye na wengine wataangalia dari.

Mwandishi achore safu tatu: Tumesoma, Tunajua, Kwa hiyo. Tumesoma: bomba halitoi maji. Tunajua: miche iliyotoka kupandikizwa hunyauka juani. Kwa hiyo: aliyetaka kuiokoa alitafuta maji kwingine. Fumbo hukwama kwenye safu ya katikati. Mtoto wa Kibosho, huko mashambani, huenda ameshika miche tangu mdogo; anayekulia karibu na stendi huenda hajawahi, na hapo tatizo si kusoma. Uliza kwanza, eleza kinachokosekana. Msimu nao uangaliwe: fumbo hili ni la Januari au Februari. Mwezi wa nne masika yakiwa yamekolea, nani atamwagilia kabichi?

Kwenye kipindi cha dakika 40, tano ni za kueleza, 15 za kusoma, 10 za kujaza safu, 10 za kubishana. Hapo kwenye ubishi mwalimu awe mkali: jibu sahihi lisilo na ushahidi lisipate vema. "Neno gani limekuonyesha?" liulizwe hadi walizoee.

Kipindi kinachofuata warudi kwenye kitabu cha kawaida. Chagua aya fupi yenye maneno wanayoyajua yote, ficha sentensi ya mwisho, wajaze safu zile zile tatu. Usipofanya hivyo, watakumbuka mbuzi tu.