Roberta Flack si wimbo mmoja

Asante mwandishi kwa taarifa ya kumkumbuka Roberta Flack, mwimbaji wa Marekani aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 88. Ila kumtaja kwa ule wimbo wa 1973 pekee, "Killing Me Softly with His Song", ni kumpunja jamani. Piano yake ya kwanza baba yake aliiokota jalalani, akaitengeneza na kuipaka rangi ya kijani. Akiwa na miaka 15 tu akaingia Chuo Kikuu cha Howard kusomea muziki. Alifundisha shule, usiku akiimba baa huko Washington, mpaka Les McCann, mpiga piano wa jazi, alipomsikia akamfungulia mlango wa kampuni ya kurekodi muziki ya Atlantic. Sikilizeni albamu yake ya 1969, "First Take", besi ya Ron Carter inavyotembea taratibu chini ya sauti yake. Ile ni jazi kabisa! Baadaye aliimba na Peabo Bryson, hata na Maxi Priest wa rege. Lakini kwangu mimi ni yeye na mwimbaji mwenzake Donny Hathaway. Marehemu mjomba alikuwa na kaseti yao, utepe umelegea, tunaukaza kwa kalamu. Sauti zile mbili zikianza kupokezana, nyumba nzima ilikuwa inanyamaza.