Nyutoni mita 80 ambazo Toyota iliwanyima wenye gia za mkono

Katika gereji za Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, kuna ubishi usioisha kuhusu kuchipu pikapu, yaani kuiongezea injini nguvu kwa kubadilisha programu ya kompyuta yake au kuichomekea kifaa. Mwenye gari anaambiwa na kijana wa kompyuta kwamba kazi ni ya saa moja, injini haifunguliwi, na mzigo utapanda Manyovu bila kurudi gia ya pili. Akienda kwa fundi wake wa siku zote, yule anayemfungia klachi na kumsafishia injekta, anaambulia mguno na maneno matatu: utaiua hiyo gari. Kwa kuwa fundi haongezi neno, watu wameshahitimisha kwamba mzee kaachwa na wakati na anaogopa kompyuta kwa sababu hajaisomea.

Nadhani anaonewa. Sababu zake zipo, tena nyingine zimo kwenye karatasi za Toyota wenyewe, ila hakuna anayezisoma akiwa na jambo hili kichwani.

Lakini hoja ya kijana nayo si ya kubeza. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mwandiga kwenda Kalinzi na Manyovu, au kutoka Kidahwe kwenda Kasulu, ni kupanda tu mpaka upite mita elfu moja na mia kadhaa. Pikapu iliyojaa dagaa au magunia ya maharage inazidiwa, dereva anarudi gia, mizunguko ya injini inapanda, mshale wa joto nao unaanza kusogea. Kutambaa hivyo kilomita baada ya kilomita nako kunachosha injini. Anayeomba nguvu zaidi hapo hana habari na mashindano, anataka amalize mlima bila basi kumpigia honi mgongoni.

Na kijana anao mfano mzuri wa kukuonyesha. Injini ya 2KD ya Hilux, ile ya lita 2.5, imeuzwa ikiwa na nguvu za farasi 102 na pia ikiwa na 144. Ujazo ni uleule, sentimita za ujazo 2,494. Kiwanda kimefunga nguvu, atakwambia, mimi nafungua tu. Ukimsikiliza haraka unashawishika. Ila nyanyua boneti za gari zote mbili: ile yenye farasi 144 ina intakula ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, na turbo yake, ile feni inayoisukumia injini hewa, ina mapezi yanayojigeuza kufuata mwendo. Ile dhaifu haina hivyo vyote viwili. Sehemu ya tofauti ni programu, kweli, lakini sehemu kubwa ni chuma ambacho kompyuta haiwezi kukutengenezea.

Fundi wa zamani analijua hilo kwa mikono, hata kama hawezi kulisema kwa namba. Namba ninayoirudia mimi kila ubishi huu unapozuka ni nyingine.

Mwaka 2020 Toyota iliipandisha injini ya 1GD ya lita 2.8 kutoka kilowati 130 hadi 150. Haikufanya hivyo kwa programu peke yake: turbo ilibadilishwa, mfumo wa kusukuma mafuta ukaongezewa uwezo, na bloku yenyewe ikafanyiwa marekebisho. Kisha, baada ya gharama zote hizo, Hilux ya otomatiki ikapewa nguvu ya kuvuta ya nyutoni mita 500, na ya gia za mkono ikaachwa na 420, ileile iliyokuwa nayo toka 2015. Injini zimetoka kiwanda kimoja, zina turbo moja, ila dereva wa gia za mkono kanyimwa nyutoni mita 80.

Sioni sababu nyingine ya maana zaidi ya kile kilichoko nyuma ya injini. Kwenye otomatiki, kati ya injini na gia boksi kuna mafuta yanayomeza mshtuko. Kwenye gia za mkono kuna klachi pleti na meno ya gia, na ukiachia klachi vibaya na mzigo nyuma, mshtuko wote unatua hapo. Waliotengeneza gari hilo, wenye maabara na wanaojua chuma chao kuliko mtu yeyote, walifika 420 wakasimama. Sasa chukua ahadi ya kawaida ya wauza programu, kuongeza robo ya nguvu. Robo juu ya 420 inakufikisha 525. Yaani gia boksi ambayo mwenye kiwanda alikataa kuipa 500, wewe unaipa zaidi ya hiyo kwa kazi ya saa moja.

Kuna jambo jingine ndani ya namba hiyohiyo. Hilux ya gia za mkono nayo imeandikwa kilowati 150. Inazipataje kwa 420 tu? Inaishikilia 420 bila kushuka mpaka mizunguko 3,400 kwa dakika, na ukipiga hesabu, 420 kwenye mizunguko 3,400 ni kilowati 150 hasa. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuipa gari nguvu zaidi huku juu kwenye mizunguko mingi bila kuiongezea gia boksi mateso huku chini. Mtaalamu mwenye adabu ya kazi anaweza kuiandika programu ya namna hiyo. Tatizo ni mteja. Mteja wa Kigoma anapima kazi kwa jinsi gari linavyomrusha akikanyaga kwenye gia ya tatu, mizunguko 1,600. Asiposikia kitu hapo anasema kaibiwa. Basi muuzaji anaongeza pale pale ambapo mteja atasikia, na ndipo pale pale Toyota ilipokataa kuongeza.

Wanaotetea programu wana jibu, na lina ukweli: viwanda huacha akiba. Gari moja linauzwa nchi zenye mafuta mabaya, jangwa, baridi na madereva wa kila aina, kwa hiyo haliuzwi likiwa limekamuliwa mpaka mwisho. Sawa. Ila akiba hiyo sisi tumeshaila. Hilux imepimwa kubeba kama tani moja, na kila anayesimama barabara ya Kasulu siku ya gulio anajua inabeba nini. Aliyezidisha mzigo na kuongeza nguvu juu yake anatumia akiba ileile mara mbili.

Waustralia wameshapita njia hii na Land Cruiser 79 ya V8, yaani ya silinda nane. Toyota iliipa nyutoni mita 430, wakati injini ya ukoo huohuo kwenye Land Cruiser 200, yenye turbo mbili, ilipewa 650. Watu wakaona pengo hilo wakaanza kuzichipu. Kitu cha kwanza kulalamika kikawa klachi kuteleza, na leo gereji makini za huko zinauza programu pamoja na klachi nzito, ndiyo maana hawagombani sana na wateja. Kwetu klachi ya namna hiyo itabidi iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na kijana wa kompyuta mara nyingi alishapanda basi kurudi alikotoka. Anayebaki kulala chini ya gari ni fundi yule yule wa mguno.

Sehemu ya pili ya hofu yake ni joto. Dizeli ukiiongezea mafuta bila hewa ya kutosha inatoa moshi mweusi, na moshi huo ni dalili kwamba moto ndani umezidi. Pistoni za injini hizi ni za aluminiamu, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660, na gesi zinazopita kwenye ekzosi wakati gari limebanwa zinaweza kuvuka hapo. Pistoni inapona kwa sababu kila mlipuko ni wa muda mfupi mno na chini yake inarushiwa oili ya kuipoza. Mlima mrefu wenye mzigo unainyima nafasi ya kupumua. Jaribio la dakika kumi hapa mjini, gari likiwa tupu, halikuonyeshi lolote la hayo. Australia na Marekani wanaochipu gari za kuvuta mizigo hufunga geji ya joto la ekzosi. Hapa sijui kwa nini haizungumzwi, maana kwa mtu wa Manyovu ina faida kuliko geji zote alizo nazo kwenye dashibodi.

Kuna mafuta pia. Uchakachuaji ulifika mahali ambapo mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuchanganywa na dizeli. Hali si ile tena, lakini ukiishiwa huko vijijini bado utajaza kwa kidumu, na hujui kidumu kimepitia wapi. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na injekta kama dizeli. Ukiongeza na msukumo wa mafuta juu yake, unajua nani atakuja kulipa.

Tukirudi kwenye kuchagua, si vifaa vyote vinavyofanana. Kipo kiboksi kinachochomekwa kati ya sensa ya msukumo wa mafuta na kompyuta ya gari. Kinaiambia kompyuta kwamba msukumo uko chini kuliko ulivyo, nayo inaongeza. Faida yake ni kwamba unakichomoa dakika mbili ukitaka. Hasara yake ni kwamba kompyuta ambayo kazi yake ni kuilinda injini sasa inafanya maamuzi kwa taarifa ya uongo. Uongo huo unafika mpaka kwenye kioo cha matumizi ya mafuta: gari linahesabu mafuta linayodhani limetumia, siyo yaliyotumika. Wengi wanaoapa kwamba kiboksi kimewapunguzia mafuta wamesoma hapo. Kipimo ni kimoja, jaza tenki mpaka shingoni, nenda Kasulu urudi, jaza tena pampu ileile.

Ipo programu inayoandikwa upya ndani ya kompyuta yenyewe, na hii ikifanywa vizuri ndiyo bora, kwa sababu mafuta, hewa na ukomo wa moshi vinapangwa kwa pamoja. Vipo vile vya kuchomeka chini ya usukani vinavyouzwa bei ya chakula cha mchana, vinawasha taa tu. Na kipo kifaa cha pedeli, kinachofanya gari lihisi umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Hicho hakiongezi nguvu hata kidogo, lakini sikicheki: kwa anayelalamika kwamba gari ni zito kuondoka, huenda ndicho pekee alichokuwa anakihitaji. Vile vya mkononi vinavyosifiwa mtandaoni vimetengenezwa kwa ajili ya pikapu za Kimarekani kama F-150, Ram na Silverado, na baadhi yake kule Marekani vimetumika kuzima mitambo ya kuchuja moshi. Mamlaka ya mazingira ya huko, EPA, ilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilishafanyiwa hivyo. Hilux haimo humo.

Hata programu yenyewe ina mtego wa asili ya gari. Japani Toyota iliacha kuuza Hilux mwaka 2004 ikarudi 2017, kwa hiyo Hilux za dizeli za D-4D tunazonunua mitumba zimetoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini na kwingineko, na kompyuta zake hazina maandishi yanayofanana. Faili lililokubali kwenye Vigo, Hilux ya Thailand, ya jirani yako si lako.

Wenye Land Cruiser 79 zilizotoka kwenye minada ya mashirika, zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, hawana cha kuchagua. Pampu yake ni ya chuma kitupu, haina kompyuta ya kuchipu. Atakayekuuzia chipu ya gari hilo ni tapeli.

Mimi ningeenda na fundi wa mguno hatua nyingi na kijana hatua moja. Hilux ya otomatiki, yenye injini nzima, sioni ubaya kuiongezea asilimia kumi au kumi na tano kwa programu iliyoandikwa kwa ajili ya gari hilo. Ya gia za mkono ningeiacha chini ya mizunguko 2,000 kama ilivyo, hata kama mteja atanuna. Mwenye 2KD isiyo na intakula ajue kwamba nguvu anayoitaka iko kwenye intakula na turbo kabla ya kompyuta. Na mwenye 1KD, ile ya lita 3.0, afungue kwanza viti vya injekta aone kama havivujishi, kwa sababu masizi yake huishia kuziba chujio la oili chini ya injini, na injini nyingi za aina hiyo zimekufa hivyo zikiwa na programu ya kiwandani.

Kabla kijana hajagusa kitufe, mwambie asome faili la asili alihifadhi kwenye flashi mbili, moja abaki nayo yeye, moja uondoke nayo wewe. Akisema gari lako halina haja ya hilo, lipa nauli yake umwache aende.