Kitanda cha nyumba salama au kodi ya miezi sita?

Kuna swali ambalo mashirika ya kijamii yanayohudumia wanawake waliokimbia vipigo na familia zilizokosa pa kulala hulibishania kila bajeti mpya inapoandikwa, lakini nje ya ofisi zao halisikiki: pesa kidogo iliyopo iendeshe nyumba salama, yaani makazi ya pamoja ya siri kwa waliokimbia, au ilipie watu kodi za vyumba mitaani? Ni swali la nchi nzima, ila Dodoma lina makali yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani. Ya 2022 ikakuta 3,085,625. Katikati ya hapo Serikali ilitangaza kuhamia, mwaka 2016, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na tangu 2024 treni ya SGR inashusha watu kutoka Dar es Salaam. Watumishi walipokuja, vyumba vikapanda bei, na waliosukumwa pembeni si watumishi.

Tupige hesabu. Tuseme chumba kimoja cha Chang'ombe au Nkuhungu, choo cha pamoja, Luku ya kuchangia, kinapangishwa kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, wengine ya mwaka. Hapo ni 300,000 mkononi kabla ya kukabidhiwa funguo, na dalali aliyekuzungusha kwa bodaboda kukuonyesha vyumba anadai chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Jumla 350,000, na bado godoro, ndoo, sufuria na jiko la mkaa havijaingia. Mwanamke aliyetoka Mpwapwa usiku, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, hana pesa hiyo. Hata anayekaanga maandazi pale pale mjini hana kwa mkupuo, ingawa elfu hamsini ya kila mwezi angeihangaikia na kuipata.

Ndiyo maana mgawanyo wa "manusura wa ukatili" upande huu na "wasio na makazi" upande ule ni wa fomu za wafadhili zaidi kuliko wa maisha yenyewe. Mkataba wa pango uko kwa jina la mume. Mke akitoka kuokoa roho yake, amekuwa manusura na asiye na makazi kwa usiku mmoja. Mjane naye huingia kwa mlango huo huo. Sheria ya kimila ya urithi iliyotangazwa mwaka 1963 haimpi mjane fungu katika mali ya mumewe iwapo marehemu ana ndugu wa ukoo, kwa hiyo shemeji akija na kufuli jipya, mama hana pa kushika.

Zamani jibu lilikuwa kurudi kwao, na kwa wengi bado ndilo la kwanza. Lakini huku kwetu mahari ya ng'ombe haikai kwenye zizi moja. Mjomba amechukua wake, baba mdogo amemwozea kijana wake kwa wale wawili waliobaki. Binti akirudi moja kwa moja, ng'ombe nao wanatakiwa kurudi, na hawapo. Ndipo baba, ambaye si lazima awe mtu mbaya, anamketisha binti yake na kumwambia ndoa ndivyo zilivyo, kavumilie. Na kama ni mwezi Machi, mtama wake uko shambani haujavunwa. Akiondoka anaacha jasho la msimu mzima, maana mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka.

Sasa tuusikilize upande wa nyumba salama, ambao hoja yake ya kwanza ni nzito na haina mzaha: chumba cha kupanga hakimfichi mtu. Dodoma ni jiji kwa hadhi, ila kwa habari bado ni kijiji. Mume akitoka Kondoa, akashuka stendi ya Nanenane na kuwauliza makondakta wawili watatu, kabla ya jua kuzama atakuwa ameambiwa mkewe alishukia wapi na nani alimpokea. Mgeni mtaani anatakiwa kujitambulisha kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa. Jina linaandikwa, watu wanajua. Halafu kuna shule. Mtoto hahamii shule mpya kimyakimya: uhamisho hupitia kwa mwalimu mkuu wa shule ya awali, na namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, humfuata. Baba akienda shuleni kwa upole na kusema anamtafuta mwanawe ampelekee viatu, kuna walimu watakaomtajia shule bila kujua wamefanya nini.

Hoja ya pili ni ya mabinti. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na watoto wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 47 ya wanawake wa mkoa wa Dodoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 18. Ni mabadiliko makubwa, lakini hayamsaidii binti wa miaka kumi na mitatu anayekimbia ngariba au anayekimbia posa ya mzee. Huyo humpi bahasha ya kodi na ufunguo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 anamhusu Afisa Ustawi wa Jamii, anahitaji walezi, na pengine ataishia kwenye makao kama yale ya taifa ya Kikombo. Kwa watoto wa namna hii sioni mjadala: nyumba lazima iwepo.

Ila wanaotetea nyumba salama huwa hawaelezi vya kutosha maisha ya ndani yake. Simu inakabidhiwa mlangoni, kwa sababu picha moja tu kwenye status inatosha kuharibu siri ya nyumba nzima. Kutoka ni kwa ruhusa. Watoto hawaendi shule wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka uhamisho upate mtu wa kuushughulikia kwa siri. Mama aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga sasa anakaa kwenye mkeka akisubiri zamu ya kupika ugali wa watu wengi. Na mtoto wa kiume akishabalehe, nyumba nyingi za wanawake hazimpokei. Mama anaambiwa achague, aingie bila huyo mkubwa au abaki naye nje. Wapo wanaorudi kwa mume kwa sababu hiyo tu. Familia isiyo na makazi iliyokamilika, baba, mama na watoto, ndiyo kabisa haina pa kuingilia: huwezi kumlaza baba wa watu nyumba moja na wanawake wanaoshtuka wakisikia sauti ya mwanamume koridoni.

Baya zaidi, nyumba salama humwondoa mama kwenye kila kitu kingine kinachoweza kumsimamisha tena. Chukua mikopo ya asilimia kumi, ile ambayo halmashauri hutenga kutoka mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ili uipate unahitaji kuwa kwenye kikundi, na kikundi kijulikane mtaani. Mtu anayeishi kwenye nyumba isiyotajwa anuani atapata wapi barua ya utambulisho ya mwenyekiti? VICOBA ni vile vile: wanawake hawamwingizi kwenye mzunguko mtu wasiyejua analala wapi.

Hapo ndipo hoja ya kodi inaposhika. Ukimlipia mama miezi sita Nzuguni, kesho yake anaweza kwenda soko la Majengo alfajiri, akachukua matenga mawili ya nyanya na kuanza. Mtoto mkubwa anabaki naye. Baba wa familia iliyobomolewa nyumba na mvua anabaki na familia yake. Mlinzi wa zamu, mpishi, gari, maji ya kisima kwa watu thelathini, vyote hivyo ni gharama zinazolipwa hata mwezi ambao nyumba ina watu watatu tu. Kodi hulipwa pale ambapo kuna mtu. Na tuseme ukweli, pesa za nje zimepungua. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisitisha miradi mwanzoni mwa 2025 na kufungwa kabisa katikati ya mwaka huo, na taasisi nyingi zilizotegemea fungu moja zilijikuta na mishahara ya mwezi huo na maelezo ya kuwapa watu waliokuwa ndani.

Lakini kodi nayo ina aibu zake, na wanaoishabikia hupenda kuzifunika. Mwenye nyumba humwuliza mwanamke mwenye watoto watatu: mume yuko wapi? Akisema ameachika, kodi inapanda au chumba kimeshapata mtu. Wapangaji wenzake wanamchungulia. Halafu kuna lile ambalo wafanyakazi wa ustawi wanalijua vizuri. Mwezi wa pili mume anakuja na ndugu, analia, anaapa, na wiki inayofuata ni yeye anayeoga bafuni asubuhi, kwenye chumba kilicholipiwa na shirika ili mke amkimbie. Utafanyaje? Ukimfukuza mama kwa kumpokea mumewe, umemwadhibu yeye. Ukinyamaza, umemlipia mpigaji pango.

Na kwa nini aondoke mwanamke, wala si mpigaji? Ni swali la haki kabisa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwenye karatasi tuko vizuri. Shida ni siku ile ya kipigo. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani inayompa mwanamke amri ya haraka ya kumweka mume mbali. Amri ya mahakama ya kumzuia asimsumbue hupatikana ndani ya shauri la ndoa, na kabla ya kuomba talaka kuna baraza la usuluhishi la kupitia. Mama anatoka dawati la jinsia la polisi na PF3, fomu ya kumpeleka hospitali, anatibiwa, anafungua kesi. Jioni mtuhumiwa yuko nje kwa dhamana na funguo ni zake. Kwa hiyo wanaosema "tudai sheria kwanza" wako sahihi kuhusu miaka kumi ijayo. Usiku wa leo hawana jibu.

Tofauti na maafa mengine inaonekana. Matope ya Mlima Hanang yalipofunika Katesh Desemba 2023, nchi nzima ilichanga na Serikali ikawajengea nyumba waliopoteza zao. Ilistahili. Aliyepoteza nyumba kwa ngumi hana kamati ya maafa. Ana shirika dogo lenye vyumba vinne na mhasibu mmoja. Tena wafadhili wanapenda jengo, kwa sababu jengo hupigwa picha na kuwekwa jiwe la msingi. Kuna mashirika yenye kibao getini kinachoeleza kwa herufi kubwa kwamba humo ndani kuna wanawake waliokimbia ukatili. Nyumba salama yenye kibao sijui inamficha nani.

Mimi naegemea kwenye kodi, kwa kipimo. Shirika lenye pesa kidogo liwe na nyumba ndogo ya siku chache: kwa aliyetishiwa kuuawa, kwa binti anayesubiri Ustawi, kwa yule ambaye majeraha yake bado yanavuja. Sehemu kubwa iliyobaki iende kwenye vyumba, na shirika lenyewe ndilo liwe mpangaji kwenye mkataba. Hapo mume akihamia, shirika lina sauti ya kumtoa yeye bila kumtoa mama, na jina la mama halizagai kwenye karatasi za dalali. Aliye hatarini zaidi apangiwe wilaya nyingine, Manyoni au Singida mjini, si mtaa wa pili.

Kisha kuna mwezi wa saba, ambao miradi mingi haiuandiki. Kodi ikilipwa yote mara moja na kukatika mara moja, mama anarudi pale pale kwenye laki tatu na nusu. Afadhali kuanzia mwezi wa tatu achangie elfu kumi, mwezi wa tano elfu ishirini, na shirika limwekee hiyo hiyo pembeni iwe akiba ya pango lijalo. Wengine watashindwa, na shirika lijiandae kwa hilo bila kuwaita wavivu. Mwenye nyumba asijue lolote kati ya hayo. Hata anayetumwa kutafuta chumba aende kwa miguu, maana gari lenye nembo likionekana limesimama nje, elfu hamsini inageuka themanini palepale.