Taarabu si ya kusindikizia wali

Mkutano wa kimataifa ukifanyika Unguja, hukosi usiku mmoja uliotengwa kwa ajili ya wageni: chakula, muziki na mazungumzo. Bajeti yake hufikiriwa mwisho, baada ya mabegi na fulana. Mimi ni mkalimani wa mikutano hii, na naamini usiku huo unastahili kuangaliwa kama zinavyoangaliwa mada za asubuhi, maana ndipo watu wanapofahamiana kweli.

Kinachoniuma zaidi ni taarabu kupigwa huku watu wanapakua. Taarabu asilia haichezewi hivyo. Fidla, ganuni, udi na akodiani hupokezana kwanza, mwimbaji ametulia kitini. Akianza kuimba, kila ubeti unataka nafasi yake. Dakika kumi kwa wimbo mmoja ni kawaida. Mtu aliye kwenye foleni ya pilau, sahani mkononi, atasikia nini? Kuna usiku niliona kikundi kikizimiwa vipaza sauti katikati ya ubeti ili mheshimiwa mmoja atoe hotuba. Mwimbaji, mama mtu mzima, alibaki amesimama na maiki yake. Hotuba ilipokwisha akaambiwa amalizie ubeti mmoja tu, muda umekwenda. Wapigaji walikuwa wamefika tangu alasiri na hakuna aliyewapa hata maji ya kunywa.

Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Kingine, Culture Musical Club, kipo tangu 1958. Tangu 2002 Mji Mkongwe una chuo cha muziki ambako vijana hufundishwa ganuni na udi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Huo ndio urithi tunaougeuza kelele za nyuma ya vijiko.

Na wageni wanataka kusikiliza, mradi waelezwe. Nimeshawahi kukaa kati ya wageni wawili, nikiwanong'oneza maana ya mafumbo kadiri mwimbaji anavyokwenda. Wimbo ulikuwa wa mtu aliyesalitiwa na rafiki wa ndani. Mmoja akaniuliza wale akina mama wanaokwenda mbele na noti wanafanya nini. Nikamwambia wanatunza: ubeti ukikugusa, unainuka, unakwenda kwa madaha, unampa mwimbaji chochote ulichonacho. Ulipofika ubeti wa kiapo kilichovunjwa, akainuka mwenyewe. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele, na mpaka usiku unakwisha meza yake haikukosa watu wa kuzungumza naye.

Upande wa chakula, sielewi kwa nini tumlishe tambi mtu aliyevuka bahari. Wekeni meza ya urojo. Mgeni asimame mbele ya mpishi, aone bakuli likijazwa viazi, bajia, kachori na mishkaki, kisha rojo la manjano lenye ukali wa embe mbichi, chatne ya nazi, pilipili kwa kadiri anavyoweza, na chipsi za muhogo juu. Anachagua, anauliza, anamwonjesha aliye nyuma yake. Profesa na karani wanajikuta wanafutana jasho la pilipili pamoja. Wapishi hodari tunao mitaani, wanaopika biriani za harusi za watu mia tano. Kazi hii wapewe wao.

Kama ningeulizwa, hotuba zingekwisha kabla ya chakula. Watu wale, wanawe mikono, ipite kahawa chungu na haluwa, ndipo viti vigeuzwe kuelekea kwa wanamuziki kwa saa moja na nusu bila kukatizwa. Tafsiri fupi ya nyimbo ichapwe na kuwekwa mezani. Wanamuziki wapewe chakula kilekile cha wageni, kabla ya kupanda jukwaani, na malipo yao wakabidhiwe usiku huohuo kabla gari la kuwarudisha halijawashwa.