Tangi la Mjusi Halina Joto Moja

Wiki hii nimesoma tena karatasi ya maelekezo ambayo mtu hukabidhiwa anaponunua mjusi au chatu mdogo wa kufuga, nayo imeniudhi kama zote zilizoitangulia. Kuhusu joto ina mstari mmoja tu: tangi liwe nyuzi 30. Haisemi nyuzi 30 za wapi. Chini ya taa au kwenye kona ya mbali? Hewani au juu ya jiwe analolalia? Mchana au usiku? Mnunuzi anarudi nyumbani na namba moja, anahangaika mpaka tangi zima lifike hapo, kisha anashangaa mnyama wake akigoma kula.

Mnyama anayeletewa nyuzi 30 kila upande amenyang'anywa njia yake kuu ya kujisimamia. Mwili wa mbwa au wa binadamu hutengeneza joto lake wenyewe kutokana na chakula. Mjusi joto lake hulifuata nje. Huota jua, hulalia mwamba uliopata moto, kisha huingia kivulini kabla hajazidiwa, na baada ya muda hutoka tena. Watafiti Raymond Cowles na Charles Bogert walilionyesha hilo mwaka 1944 walipochunguza reptilia, yaani wanyama kama mijusi na nyoka, wa jangwani Marekani: wanyama waliodhaniwa hufuata tu joto la mahali walipo walikuwa wakishikilia joto la mwili katika kiwango chembamba sana, kwa kuhamahama tu. Kuhama ndiko kidhibiti joto chao. Ukimfungia mahali pasipo na pa kuhamia, umekizima.

Kuna jambo jingine ambalo natamani kila mfugaji alijue. Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti Matthew Kluger na wenzake waliwadunga bakteria iguana wa jangwani, mijusi waitwao Dipsosaurus dorsalis. Wale waliokuwa na nafasi ya kuchagua walikwenda mahali penye joto zaidi, wakapandisha joto la miili yao kwa takriban nyuzi mbili juu ya kawaida. Walijitafutia homa. Na katika majaribio yaliyofuata, waliowekwa kwenye joto la juu walipona kwa wingi kuliko waliozuiwa kwenye joto la chini. Hebu fikiria basi mjusi mwenye kifua kibovu ndani ya tangi lenye joto moja. Mwili wake unamtuma aende palipo na moto zaidi, naye hana pa kwenda. Sisi tunamwona amejikunyata, tunasema ni mpole.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe tangi lina nyuzi ngapi. Liwe: upande wa moto una ngapi, na upande wa baridi una ngapi? Mjusi mwenye ndevu wa Australia anahitaji pa kuotea moto penye nyuzi 38 hadi 42 juu ya jiwe au gogo lenyewe, na wakati huohuo upande wa pili uwe kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi. Geko chui, aina nyingine ya mjusi, anatosheka na nyuzi 31 hadi 33 pale anapolaza tumbo. Geko wa New Caledonia mwenye kope kama kishungi huanza kutaabika joto likipita nyuzi 28 na kuendelea, kwa hiyo kwake nyuzi 30 kila mahali ni mateso.

Hapa ndipo ukubwa wa tangi unapoingia. Tangi fupi hujaa joto lote kwa pamoja. Hata uweke taa kona gani, kona ya pili itapata moto vilevile. Watu huambiwa wanunue tangi dogo kwanza, mnyama akikua watabadilisha. Nakubali kwamba mtoto wa nyoka hujificha sana akiwekwa mahali peupe na pakubwa, na wapo wanaogoma kula kwa sababu hiyo. Lakini dawa yake ni maficho mengi, moja upande wa moto, moja upande wa baridi, mengine katikati. La sivyo atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na nyoka mwoga atachagua usalama hata kama chakula kinamwozea tumboni. Nyoka aliyekula akakosa joto hushindwa kumeng'enya, na mara nyingi hukitapika.

Vipimajoto vya mviringo vya kubandika kwenye kioo, vile vyenye mshale, vitoeni. Havisomi sawasawa, na hata vingesoma vizuri vingekuwa vinapima ukuta ambao mnyama hakai. Tumia cha dijitali chenye waya, kihisio chake kiwe pale anapolala. Kwa jiwe la kuotea, tumia kile cha kushika kama bastola kinachopima joto la juu ya kitu bila kukigusa.

Themostati, kifaa kinachodhibiti joto lisipite kiwango ulichoweka, si pambo. Mkeka wa joto, ule wa umeme unaowekwa chini ya tangi, usipodhibitiwa unaweza kuunguza, hasa mnyama anayefukua mchanga mpaka akafikia kioo. Najua themostati huongeza gharama, na kwa mtu aliyekwisha kununua tangi, taa na mnyama inauma. Basi mnyama asubiri, vifaa vitangulie. Yale mawe ya umeme yenye waya ndani ningependa yasiuzwe kabisa. Hupata moto mkali sehemu moja na kubaki baridi nyingine, na reptilia huweza kulalia kitu kinachomchoma tumbo asiondoke.

Usiku, wengi wao hufaidika joto likishuka kidogo, kama linavyoshuka porini. Ikiwa chumba kinapoa kupita kiasi, tumia kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga. Taa nyekundu zilisifiwa mno kwamba wanyama hawazioni. Mijusi wengi wanaziona, na zinawavurugia usiku wao.

Ukishapanga hayo yote, mpe siku kadhaa umtazame kabla hujagusa kitu. Akishinda chini ya taa mchana kutwa bila kuondoka, huenda hapati moto wa kumtosha. Akijibanza kona ya mbali na kuachama kinywa, punguza mara moja. Mjusi mwenye ndevu huachama pia akiwa anaota moto kwa raha, kwa hiyo tazama yuko wapi kabla hujaamua. Akiwa anakwenda na kurudi, acha namba kama zilivyo.