Je, mimea ina akili, au inaitikia tu?

Kwamba mimea ina tabia, yaani hubadili inachofanya kulingana na kinachoipata, sioni tena cha kubishania. Tazama Dionaea, mmea unaonasa wadudu. Kila upande wa mtego wake kwa kawaida una vinyweleo vitatu. Mdudu akigusa kimoja, ishara ya umeme husambaa na kalsiamu hupanda ndani ya seli, lakini mtego haufungi. Mguso wa pili ukija ndani ya sekunde 20 hivi, kalsiamu huvuka kiwango na mtego hufunga kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukichelewa, kalsiamu imeshashuka na hesabu inaanza upya. Vimeng'enya, yaani kemikali zinazomyeyusha mdudu, navyo husubiri miguso kama mitano, yaani hadi windo lianze kufurukuta kwelikweli.

Watetezi wa akili ya mimea huita hiyo kumbukumbu. Wapinzani hujibu kwamba ni tangi linalovuja: likijazwa haraka kuliko linavyovuja, hufurika, na halijui lolote. Hoja nzuri, ila isivutwe mbali. Neva zetu pia hufanya kazi kwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinazoingia na kutoka, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo hatufikiri. Kueleza mtambo si kukanusha akili.

Ugomvi wenye uzito uko kwenye kujifunza. Mwaka 2014 mtafiti Monica Gagliano na wenzake waliangusha kifauongo, mmea unaokunja majani ukiguswa, ukiwa kwenye vyungu, kutoka sentimita 15 hivi, tena na tena. Mwanzoni majani yalijikunja, baadaye yakaacha, na takriban mwezi mmoja baadaye mimea hiyo bado haikushtushwa na anguko lilelile.

Hapa ndipo mtu huteleza. Kifauongo hukunja majani kwa kutoa ioni za potasiamu na maji kutoka seli za kivimbe kilicho chini ya kila jani, na huhitaji dakika kadhaa kuyajaza tena. Ukiangusha chungu kila baada ya sekunde chache, huenda unapima uchovu tu. Watafiti walilijua hilo, wakatikisa mimea kwa namna tofauti, nayo ikajikunja. Lakini mtikiso wenye nguvu zaidi unaweza kuamsha hata seli iliyochoka. Kipimo kigumu zaidi ni kurudia anguko la kwanza mara tu baada ya mtikiso na kuona kama mwitikio umerudi. Hata hivyo, uchovu hauelezi mwezi mzima, na sijaona mpinzani aliyelimaliza hilo.

Madai makubwa zaidi yalikuja mwaka 2016: Gagliano na wenzake walidai kwamba miche ya njegere ilijifunza kuhusisha upepo wa feni na mwanga. Mtafiti mwingine, Kasey Markel, alirudia jaribio mwaka 2020, kwa miche mingi zaidi na wapimaji wasiojua mche upi umefunzwa. Hakupata kitu. Gagliano alijibu kwamba mazingira ya jaribio hayakuwa sawa, kwa kuwa hata miche isiyofunzwa haikufuata mwanga kwa uthabiti. Kama ni hivyo, marudio hayo hayakanushi wala hayathibitishi. Anayetaka kuyatetea madai hayo aanze na miche isiyofunzwa: mpaka ifuate mwanga kila mara, feni haina cha kutuonyesha.