Saksafoni haiwi ya Kihindi kwa kuwekewa tabla

Juzi nilikuwa kwenye hafla hotelini. Jukwaani kijana wa saksafoni, pumzi anazo, anapuliza vibao vile vile vya harusi huku kompyuta ikimpigia tabla kwa nyuma. Mshereheshaji akatangaza: "Mabibi na mabwana, jazi ya Kihindi!" Makofi. Mimi sambusa ilinikwama.

Jazi ya Kihindi ya wapi? Tabla na saksafoni walikuwa kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.

Waliokwisha kumsikia mpiga saksafoni Rudresh Mahanthappa wananielewa. Mmarekani mwenye wazazi wa Kihindi, kazaliwa Trieste, Italia, 1971, kakulia Colorado, na ujana wake wote ni Charlie Parker, gwiji wa saksafoni ya jazi. Kaka yake ndiye aliyempa, kwa utani tu, albamu ya Kadri Gopalnath, mpiga saksafoni wa Kihindi. Utani ukageuka kazi.

Na hapa washereheshaji wetu wakae kitako. Gopalnath alizaliwa Karnataka mwaka 1949, baba yake mpiga nagaswaramu, ndugu wa mbali wa nzumari yetu ya pwani. Nagaswaramu ina matundu wazi: kidole kikiteleza, sauti inateleza nacho. Muziki wa Kusini mwa India unaishi humo humo, kwenye ule mtikiso wa noti unaoitwa gamaka. Ukiunyoosha, raga, yaani mfumo wa noti unaobeba tuni, imekufa. Sasa saksafoni, aliyoionea kwenye bendi ya kasri la Mysore, ina vifuniko. Bonyeza, noti hii. Achia, noti ile. Kuteleza haitaki. Akang'ang'ana nayo miaka na miaka, akairekebisha, midomo na koo vikajifunza kufanya kile ambacho vifuniko vilikataa. Akaenda Madras kwa mwalimu T.V. Gopalakrishnan. Mwaka 1994 akapuliza kwenye matamasha ya Proms, Royal Albert Hall, London. Kompyuta haikumsaidia popote.

Mahanthappa angeweza kuchota vionjo viwili vitatu akarudi zake New York. Lakini alimfuata mzee Gopalnath mwenyewe, na mwaka 2008 ikatoka albamu yao Kinsmen: saksafoni mbili za alto uso kwa uso, fidla ya A. Kanyakumari, mridangamu, ngoma ya Kusini mwa India, ya Poovalur Sriji, gitaa la Rez Abbasi, mzaliwa wa Karachi. Sikiliza alto hizo zinavyopokezana. Mmoja anaitikisa noti mpaka inalia, mwingine anaikatakata kwa ukali wa Parker, na hakuna anayejifanya mwenzake. Hapo ndipo utajua kila mmoja alijua anachokileta.

Haya, nakubali shingo upande: mara nyingine Mahanthappa anakimbia mno, noti zinamwagika hadi sikio linaomba maji. Na si wa kwanza kuchanganya jazi na muziki wa Kihindi. Joe Harriott, mpiga saksafoni Mjamaika, alishafanya yake London na John Mayer, mtunzi mzaliwa wa India, katika miaka ya 1960.

Najua mtakachosema. Sisi Waswahili ni nani wa kulalamika, wakati Juma Bhalo katuimbia taarabu kwa tuni za filamu za Kihindi? Naam, tuni alizichukua mchana kweupe. Lakini msikilizeni Bhalo! Ushairi wa Mombasa wenye vina vyake, na koo linalopanda na kushuka mule mule tuni inamotaka. Yule alikaa na sauti zile mpaka zikamkubali. Waulizeni wazee wa Mombasa kama walikuwa wanasikia mapambo.

Wala msiniambie ni suala la damu. Mahanthappa mwenyewe amelalamika kwamba watu walimdhania mjuzi wa muziki wa India kwa sababu ya sura na jina lake. Na katika kundi lake la Indo-Pak Coalition, anayepiga tabla ni Dan Weiss, Mmarekani mpiga ngoma za jazi aliyekaa miaka mingi chini ya mwalimu wake, Samir Chatterjee. Albamu yao Agrima ilitoka 2017. Isikilizeni yote kwanza, ndipo mnitumie matusi.